Nani Alipie Matofali? Kodi ya Umma na Ujenzi wa Nyumba Baada ya Mafuriko ya Sebeya

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha katika Mkoa wa Magharibi na Mkoa wa Kaskazini nchini Rwanda. Kulipopambazuka, watu zaidi ya 130 walikuwa wamepoteza maisha na nyumba zaidi ya 5,000 zilikuwa zimebomoka au kuharibika vibaya. Katika Wilaya ya Rubavu, ambayo wengi bado tunaiita kwa jina la mji wake, Gisenyi, mto Sebeya ulivunja kingo zake na kupita katikati ya makazi ya watu huko Kanama, Nyundo na Rugerero. Tarehe 12 Mei Rais Paul Kagame alifika Rubavu kuwafariji waathirika. Kufikia siku hiyo swali moja lilikuwa tayari linaulizwa sokoni, kwenye mabasi na hata katika mabweni yetu ya chuo: nyumba hizi nani atazijenga upya, na kwa fedha za nani?

Swali hili huonekana kama la wanasiasa na wahasibu. Mimi ninasoma historia na Kiswahili, na katika insha hii ninakusudia kulijibu kwa njia ya historia. Hoja yangu ni kwamba mlipa kodi wa Rwanda amekuwa akilipia nyumba za watu wengine kwa muda mrefu sana, ingawa si kila mara kwa faranga. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama alipe, ni vyema tutazame amekuwa akilipaje, na malipo hayo yalileta faida au hasara gani.

Nianze na neno tunalolitumia kila mwezi. Umuganda katika Kinyarwanda ni mti au nguzo ya kujengea nyumba. Jirani aliyetaka kujenga aliwaita wenzake. Kila mmoja alikuja na nguzo yake au mikono yake, na nyumba ikasimama. Hakukuwa na risiti wala karani, lakini kulikuwa na deni ambalo kila mtu alilijua: leo kwangu, kesho kwako. Hiyo ndiyo kodi ya kwanza ya ujenzi katika milima yetu. Ilikuwa na sifa mbili ambazo nitazirudia baadaye. Kwanza, mtoaji alimwona mpokeaji kwa macho yake. Pili, mtoaji aliamini kwamba zamu yake itafika.

Sambamba na desturi hiyo kulikuwa na kazi ya lazima. Uburetwa, uliosimikwa katika utawala wa Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri mwishoni mwa karne ya 19, uliwataka wakulima wamfanyie chifu kazi bila malipo. Wabelgiji waliuendeleza na kuongeza kazi zao za barabara na mashamba, hadi uburetwa ulipofutwa mwaka 1949. Hapa mikono ya mwananchi ilijenga pia, lakini ilijenga boma la mtu mwingine ambaye hakutarajiwa kurudisha fadhila. Ninautaja uburetwa kwa sababu wanaopinga matumizi ya kodi kwa nyumba za waathirika wana hofu ya kweli. Historia inaonyesha kwamba jasho la wengi linaweza kuchukuliwa kwa jina la jamii na kuishia kwa wachache.

Mwaka 1974 serikali ya Juvénal Habyarimana iliifanya umuganda kuwa kazi ya taifa, siku moja kila wiki. Kufikia mwaka 1994 neno hilo lilikuwa limechafuliwa, kwani waliopanga mauaji ya kimbari walilitumia neno «kazi» kwa maana ya kuua. Umuganda ulirudishwa mwaka 1998, na sheria ya mwaka 2007 ikauweka katika hali tunayoijua: Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 65. Mtu anayesema leo kwamba hajawahi kuchangia nyumba ya jirani yake asiyemfahamu, na aliwahi kubeba tofali Jumamosi hiyo, amesahau kulihesabu.

Mkoa wetu una mfano mwingine ulio karibu zaidi. Desemba 1996 Baraza la Mawaziri lilipitisha sera ya imidugudu, yaani watu wa vijijini waishi katika vijiji vilivyopangwa badala ya kutawanyika kwenye vilima. Nyumba za mwanzo zilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na wafadhili kwa ajili ya wakimbizi waliokuwa wakirejea kwa maelfu. Hapa Gisenyi na Ruhengeri sera hiyo ilifika kwa namna ya pekee. Vita vya abacengezi vya mwaka 1997 na 1998 viliwakusanya wananchi kambini, na vilipotulia wengi walielekezwa moja kwa moja kwenye vijiji vipya. Baadhi walipewa mabati, wengine walipewa kiwanja tu na kuambiwa wajenge. Wazee wa kwetu wanaosimulia miaka hiyo hutofautiana sana. Aliyepata mabati husema serikali ilimjengea. Aliyebomoa nyumba yake nzuri ya kilimani ili ajenge kibanda kijijini husema yeye ndiye aliyeilipia serikali. Wote wawili wanasema kweli.

Baadaye, hadi mwaka 2011, kampeni ya kuondoa nyakatsi, yaani nyumba za nyasi, iligusa kaya zaidi ya laki moja nchini. Fedha za umma, umuganda, askari na michango ya watu binafsi vilichanganywa. Nyumba hizo hazikubomolewa na mafuriko wala tetemeko. Ziliondolewa kwa sababu taifa liliamua kwamba raia wake hawapaswi kulala chini ya nyasi. Ikiwa tulikubali kulipia paa la mtu kwa sababu ya heshima yake, inakuwa vigumu kueleza kwa nini tusikubali kulipia paa la mtu aliyenyang'anywa na mto usiku mmoja.

Hapo ndipo mpinzani wangu hunijibu kwamba janga la asili halina mwenye kosa, na asiye na kosa halipi. Jibu hilo linanipeleka kwenye msitu wa Gishwati.

Vijito vinavyoulisha Sebeya vinatoka katika milima ya Gishwati. Katika miaka ya 1970 msitu huo ulikuwa na takriban hekta 28,000. Kufikia mwaka 2002 zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi. Miti haikuondoka yenyewe. Katika miaka ya 1980 mradi mkubwa uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uligeuza sehemu ya msitu kuwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya miti ya kupandwa. Baada ya 1994, wakimbizi waliorejea bila ardhi waliishi humo, wakakata, wakalima, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda. Udongo wa milima yetu ni mwepesi na miteremko ni mikali. Mizizi ikiondoka, mvua iliyokuwa ikinywewa polepole na msitu hushuka yote kwa pamoja. Serikali ilianza kurekebisha: matuta yalichimbwa, miti ikapandwa, na mwaka 2015 sheria iliunda Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura. Lakini msitu uliokatwa kwa miaka ishirini haurudi kwa miaka minane.

Sisemi kwamba mradi wa ng'ombe ndio uliowaua watu wa Mei 2023. Mvua ile ilikuwa kubwa mno na ingeleta madhara hata penye msitu. Ninasema kwamba ukubwa wa hasara ulitokana pia na maamuzi ya umma: wapi pakatwe, wapi palimwe, nani apewe kiwanja wapi. Faida ya maamuzi hayo, yaani maziwa ya Gishwati, viazi vya Gishwati na nafasi ya kuwaweka watu waliorejea, ilisambaa nchi nzima. Maziwa hayo yanauzwa Kigali. Hasara ilishuka na maji hadi kwa mtu wa Mahoko. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ufa ulikuwa juu mlimani na ukuta ulioanguka ulikuwa chini bondeni, na wenye ufa si wenye ukuta. Kodi ndiyo njia pekee ninayoijua ya kuwafanya wakutane.

Hebu sasa tutazame majirani zetu. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka na lava ikaingia Goma. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuja Gisenyi. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji iliteketea na watu zaidi ya laki moja walibaki bila makazi. Goma wakati huo ilikuwa chini ya waasi wa RCD. Kinshasa ilikuwa mbali kwa kila maana. Wengi walirudi baada ya siku chache na kuanza kujenga juu ya lava ambayo ilikuwa bado na joto, wakitumia mawe yaleyale meusi yaliyozifunika nyumba zao. Wanaopenda kusema kwamba wananchi wajitegemee huwa wanausifu ujasiri huo, na mimi pia ninausifu. Lakini tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena, na nyumba maelfu zikaungua kaskazini mwa mji. Matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta hadi huku kwetu Rubavu. Mtu anayejijengea mwenyewe bila msaada hujenga pale anapoweza, na mara nyingi pale anapoweza ndipo palipo na hatari.

Mfano wa pili unauma zaidi kwa kuwa ni wa wiki ileile. Tarehe 4 Mei 2023, siku moja tu baada ya msiba wetu, mvua ilibomoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika Wilaya ya Kalehe, ng'ambo ya Ziwa Kivu. Zaidi ya watu 400 walifariki. Ziwa ni moja, milima inafanana, mvua ilikuwa ya msimu mmoja. Kilichotofautiana ni dola iliyosimama nyuma ya mwathirika. Kwa upande wetu kulikuwa na Wizara ya kushughulikia dharura, orodha za kaya, chakula kambini na mpango wa kujenga. Kwa upande wa Kalehe kulikuwa na jimbo lililochoshwa na vita kwa miongo mitatu.

Tanzania inatupa somo la aina nyingine, kwani nchi hiyo moja imetoa majibu mawili. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliipiga Kagera, likaua watu 17 na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vijiji vyake. Rais John Magufuli alipokwenda huko Januari 2017 aliwaeleza wananchi waziwazi kwamba serikali haitawajengea nyumba: tetemeko halikuletwa na serikali, na fedha zilizopo zielekezwe kwenye shule, hospitali na barabara. Shule za Ihungo na Nyakato zilijengwa upya, na leo ni majengo ya kujivunia. Miaka saba baadaye, tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yaliangukia Katesh, mkoani Manyara, na kuua watu zaidi ya 80. Safari hii serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan, ikishirikiana na Chama cha Msalaba Mwekundu, iliwajengea waathirika nyumba zaidi ya mia moja katika eneo la Waret, mbali na njia ya matope.

Hoja ya Kagera si ya kupuuzwa. Shule ni ya watoto wote, nyumba ni ya mtu mmoja. Serikali yenye mfuko mdogo ikianza na shule haijakosea. Lakini kati ya Kagera na Hanang kuna tofauti moja ninayoiona kuwa ndiyo kiini. Bukoba ardhi ilitulia, na mtu angeweza kujenga palepale, japo kwa shida. Katesh palepale hapakuwa salama. Panapotakiwa watu wahame, mtu binafsi hawezi kununua kiwanja kipya, kukipima, kukipelekea maji na umeme na kukijenga. Kazi hiyo ni ya umma. Sebeya inafanana na Katesh kuliko Bukoba.

Nimebakiwa na pingamizi mbili nzito. Ya kwanza ni ya haki. Mkulima wa Kirehe, kule mashariki, huhangaika na ukame, na ukame haubomoi nyumba. Hula mavuno kimyakimya. Kwa nini kodi yake ije Rubavu? Hata sisi wanafunzi, ambao hatuna mshahara, tunalipa asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani tunaponunua sabuni au daftari. Jibu langu ni kwamba pingamizi hili linatutaka tupanue mfuko, wala halitutaki tuufunge. Tumekwisha kufanya hivyo katika afya. Bima ya afya ya jamii, mutuelle de santé, ilianza kwa majaribio mwaka 1999 na sasa ni ya nchi nzima. Kwa miaka mingi kaya nyingi zililipa faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka. Mtu mzima hailaumu mutuelle kwa sababu hakuugua mwaka huu. Kwa utaratibu huohuo mfuko wa maafa ungemfikia mkulima wa Kirehe wakati wa jua na mtu wa Nyundo wakati wa mvua. Hapo sifa ya pili ya umuganda wa kale, kuamini kwamba zamu yako itafika, ingerudi.

Pingamizi ya pili ni kwamba anayejengewa atazoea, na atarudi kwenye hatari. Uganda imeliona jambo hili: baada ya maporomoko ya Bududa ya Machi 2010, serikali iliwahamishia baadhi ya watu Kiryandongo, mbali na Mlima Elgon, na wengine wao walirudi kwenye mashamba yao mlimani. Wengi hulichukua hili kama ushahidi wa ukaidi. Mimi ninaliona kama swali la shamba. Nyumba mpya isiyo na shamba karibu ni kitanda bila chakula. Hapa kwetu mtu wa Kanama anaishi karibu na Sebeya kwa sababu soko la Mahoko lipo hapo, barabara ya kwenda Musanze ipo hapo, na kibarua cha chai ya Pfunda kipo hapo. Ukimjengea mbali na hivyo vitatu, umemjengea nyumba ya kupangisha.

Na hapa kuna kundi ambalo mijadala mingi hulisahau. Shangazi yangu alikuwa mpangaji karibu na Mahoko, vyumba viwili, mwenye nyumba akiishi mjini. Maji yalichukua godoro, cherehani na unga wa wiki mbili. Waliokuja kuandika majina waliuliza: nyumba ni ya nani? Hakuwa na nyumba, kwa hiyo kwenye safu ya nyumba zilizobomoka hakuwa na jina. Alisaidiwa chakula na blanketi, kisha akaenda kupanga chumba kingine kwa bei iliyokuwa imepanda, kwa kuwa wote waliohama walikuwa wakitafuta vyumba mahali pamoja. Mwenye nyumba alipoteza ukuta, yeye alipoteza kazi. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya pango, na sehemu ya karo yangu.

Kisa hicho kimenifundisha kwamba tunapouliza kama kodi ijenge nyumba, tunakuwa tumekwisha kuamua kwamba hasara ni matofali. Katika mji kama Gisenyi, wenye wapangaji wengi na wafanyabiashara wadogo wanaovuka kila siku kwenda Goma kupitia Petite Barrière, hasara mara nyingi ni kikapu, cherehani au mtaji wa nyanya. Vitu hivyo ni rahisi kuliko nyumba, na humrudisha mtu kwenye kulipa kodi haraka zaidi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Fedha za walipa kodi zitumike kujenga makazi ya waliobomolewa na maafa, kwa masharti matatu. Kwanza, zitumike pale tu ambapo mtu hawezi kurudi mahali pake kwa usalama. Anayeweza kurudi asaidiwe vifaa, na mikono tunayo Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Pili, makazi mapya yawe mahali ambapo mtu anaweza kufika shambani au sokoni kwa miguu. Serikali imeonyesha kwamba inaweza kujenga vizuri, kama tunavyoona katika kijiji cha mfano cha Rugerero kilichozinduliwa tarehe 4 Julai 2023. Kinachobaki kupimwa ni umbali. Tatu, orodha ya waathirika iandike watu kabla ya kuta, na mpangaji awe na safu yake.

Naongeza sharti moja linalotoka katika nguzo ile ya kale: mtoaji amwone mpokeaji. Orodha za waliojengewa na gharama ya kila nyumba zibandikwe mlangoni mwa ofisi ya tarafa, zisomeke na kila anayepita. Uburetwa ulichukua mikono ya watu bila kuwaonyesha ilichojenga. Mlipa kodi wa Kirehe akija Rubavu kuogelea ziwani, aweze kupita Nyundo, akaonyeshwa nyumba, na akaambiwa ni faranga ngapi zilitoka kwake na wenzake. Halafu aulize kuhusu ukame wa kwao, na apate jibu.